Alifikaje Hapa? Filamu, Wanafunzi Wetu na Watu Wasio na Pa Kulala

Hotuba hii niliitoa Moshi, katika mkutano wa walimu wa sekondari na wazazi. Naiweka nzima kwa ajili ya wale waliokosa kufika.

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, viongozi wa dini mliotuheshimu kwa kuja, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie filamu darasani, na nitazizungumzia. Lakini kwanza nina swali, na kila mmoja ajijibu kimoyomoyo. Ukipita stendi yetu alfajiri, maduka hayajafunguliwa, baridi ya Julai inakata masikio, ukawaona wale waliolala barazani wamejifunika viroba na maboksi, huwa unajiuliza nini?

Wengi wetu tunajiuliza hivi: hawa hawana kwao?

Swali hilo, hapa kwetu Kilimanjaro, lina mizizi mirefu. Tumelelewa kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye nyumba na migomba. Babu amezikwa pale, baba atazikwa pale, na Desemba ikifika magari yanafuatana kutoka Dar es Salaam, kila mtu anarudi kwao. Mtoto anayekua katika hali hiyo anaamini kwamba kila binadamu ana migomba yake mahali fulani inayomngoja. Kwa hiyo akimwona mtu amelala nje, hukumu anayo tayari: mkaidi, au mlevi, au mwizi. Amekimbia kwao kwa sababu anazozijua mwenyewe.

Simlaumu mtoto huyo. Hajaonyeshwa. Narudia, ndugu zangu: hajaonyeshwa! Amemwona mtu yule akiwa ameshafika barabarani. Njia iliyomfikisha hajaiona. Na sisi wenye chaki na vitabu tumeshindwa kumwonyesha njia hiyo, kwa sababu haionekani ukiwa umesimama stendi. Filamu inaweza kuionyesha, na ndiyo sababu nimesimama mbele yenu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Siku moja, Kidato cha Tatu, tulikuwa tunajadili dhamira ya umaskini katika tamthilia, mjadala ukahamia kwa vijana wanaookota chupa za plastiki jirani na shule. Mvulana mmoja, mtoto mzuri, mwenye akili, akanyanyua mkono. "Mwalimu, si warudi kwao tu? Nauli ya kwenda kijijini ni shilingi ngapi?" Darasa likacheka. Sikubishana naye. Ungebishana naye kwa hoja gani? Aliyoyasema ndiyo anayoyasikia nyumbani, sokoni na kwenye kifodi, daladala yetu ya hapa.

Wiki iliyofuata tuliwakusanya bwaloni, tukatundika shuka jeupe ukutani, tukawasha projekta. Niliwaonyesha filamu ya Uingereza ya mwaka 1966 iitwayo Cathy Come Home, iliyoongozwa na Ken Loach. Ni filamu nyeusi na nyeupe, ya Kiingereza cha haraka. Nikasimama kando ya skrini nikawa nasimulia kwa Kiswahili, kama wanavyofanya wale wasimulizi wetu wa vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea sinema mitaani. Walimu, msiidharau kazi ya wale watu. Wamewafanya Watanzania wengi waelewe sinema za lugha wasizozijua, na mbinu yao inafaa kabisa darasani.

Sasa sikilizeni mkasa wenyewe. Mwanzoni hakuna anayelia. Cathy ni msichana mwenye furaha, ameolewa, mumewe ni dereva, wana nyumba nzuri. Halafu mume anaumia kazini. Mshahara unakatika. Mtoto anakaribia kuzaliwa, nyumba inawashinda, wanahamia kwa mama mkwe, pamejaa, maneno yanaanza. Wanapata chumba kwa mwenye nyumba mzee anayewapenda. Mwenye nyumba anafariki, wanafukuzwa. Wanaishi kwenye gari la kuvutwa lililogeuzwa nyumba. Majirani wasiowataka wanalichoma moto. Wanaishia kwenye hifadhi ya serikali ambako waume hawaruhusiwi kuishi na wake zao. Na mwisho, kwenye stesheni ya treni, maofisa wanamnyang'anya Cathy watoto wake.

Kila hatua nilisimamisha filamu, nikauliza swali la yule mvulana: sasa huyu arudi wapi?

Mara ya kwanza mikono ilikuwa mingi. Arudi kwa mama mkwe! Aende kwa wazazi wake! Mara ya pili mikono ikapungua. Tulipofika kwenye hifadhi, bwalo zima lilikuwa kimya. Kisha yule yule mvulana akauliza kitu ambacho sikukitegemea: "Mwalimu, mlango wa kurudi ulifungwa lini?"

Ulifungwa lini? Tuliirudisha filamu nyuma tukautafuta mlango huo. Wengine walisema ulifungwa siku ya ajali. Wengine wakasema la, ulifungwa alipofariki mwenye nyumba. Msichana mmoja akasema haukufungwa siku moja, ulikuwa unasogezwa kidogo kidogo na kila mtu aliyesema "hapa pamejaa". Walimu wa fasihi mnaonielewa, huo ndio uhakiki wa mgogoro! Nimefundisha mgogoro kwa ubao miaka mingi, na sijawahi kuona darasa likiushika namna hiyo.

Halafu nikawaambia: tuiache Uingereza. Tuje Kilimanjaro. Hapa kwetu mlango unafungwaje?

Wazazi wangu, watoto wanajua mengi. Walijaza ubao. Baba amefariki, ndugu wa mume wamekuja na mashahidi, mjane anaambiwa arudi kwao. Anarudi. Kwao anakuta kaka zake walishagawana kihamba, na binti aliyeolewa hakuwekwa kwenye hesabu. Mwanamke huyo ana kwao kuwili, na kote kuwili hana pa kuweka kitanda. Wakataja kihamba kilichogawanywa na babu, kikagawanywa tena na baba, mpaka mjukuu anabaki na kipande kisichotosha hata banda la ng'ombe. Wakataja mtoto anayepigwa na mama wa kambo au baba wa kambo, akadandia lori la ndizi likimshusha Mbuyuni sokoni. Wakataja ugonjwa wa akili, ambao sisi watu wazima tunautaja kwa kunong'ona. Hakuna aliyewafundisha. Walikuwa nayo yote, ila hawakuwa wamewahi kuyaunganisha na yule kijana wa chupa za plastiki.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, tunasema. Lakini nimeona kwa macho yangu kwamba anaweza kufundishwa kumjua.

Mtaniuliza: tuonyeshe filamu gani, na muda uko wapi? Muda upo. Kipindi ni dakika 40. Vipindi viwili vya mfululizo ni dakika 80. Ipo filamu ya Senegal ya mwaka 1999, La Petite Vendeuse de Soleil, ya marehemu Djibril Diop Mambéty. Ina dakika 45 tu. Zinabaki dakika 35 za kuzungumza, na mazungumzo hayo ni nusu ya somo. Filamu bila mazungumzo ni burudani, na wanafunzi watakumbuka nyimbo tu.

Humo yumo msichana Sili, anayetembea kwa magongo katika mitaa ya Dakar. Bibi yake ni kipofu, anaomba barabarani. Sili anaamua kuuza magazeti, kazi ya wavulana, nao wanamsukuma na kumwonea. Siku anapopata noti kubwa, polisi anamkamata: mtoto kama huyu pesa hii kaitoa wapi? Napenda kusimamisha filamu hapo hapo. Nawaambia wanafunzi waandike: ungekuwa wewe ndiye polisi, ungefanya nini? Wengi wanaandika majibu ya kumfurahisha mwalimu. Lakini mara moja mwanafunzi mmoja aliandika, "Ningemkamata." Nilimshukuru mbele ya wenzake. Nilimshukuru kwa sababu alisema kweli, na ukweli ule ndio uliotufungulia somo. Tukaanza kuulizana: ni kitu gani kwenye nguo zake, kwenye miguu yake, kilichotufanya tuamini kuwa ni mwizi kabla hajafungua kinywa? Kisha tukaiwasha tena filamu tukamwona Sili mwenyewe akijitetea kituoni, bila kuinamisha kichwa.

Kwa shule za msingi, Charlie Chaplin anatosha. The Kid, ya 1921, haina mazungumzo ya kusikika, ina maandishi machache tu ya kutafsiri. Maskini asiye na kitu anamlea mtoto aliyetupwa, na maofisa wanapokuja kumchukua mtoto, anawakimbiza juu ya mapaa ya nyumba. Watoto wanacheka, kisha ghafla hawacheki tena. Waambieni pia kwamba Chaplin alijua anachokionyesha: akiwa na miaka saba, London, yeye mwenyewe alipelekwa kwenye nyumba ya maskini kwa sababu mama yake hakuweza kumtunza.

Na Salaam Bombay! ya Mira Nair, ya 1988, ni filamu kubwa, lakini ina dawa za kulevya na madanguro. Kidato cha Tano na Sita tu, na mwalimu aitazame yote kwanza, peke yake, mpaka mwisho. Nimeitaja kwa sababu moja. Mtoto aliye katikati ya mkasa anataka sana kurudi kwao. Anataka! Lakini anadaiwa nyumbani rupia 500 za kitu alichoharibu, na kila anapokaribia kuzipata zinapotea. Wangapi pale stendi wanadaiwa rupia zao 500?

Kuna filamu ambazo sizitaki darasani, nami nasema bila kuficha. Ni zile ambazo tajiri mwema anatokea dakika kumi za mwisho, anamwokota maskini, muziki unapanda, kila kitu kimekwisha. Zinamfundisha mtoto kwamba kukosa makazi kunatibiwa na bahati. Mtoto aliyezitazama hizo nyingi anatoka akiwa na machozi mengi na maswali machache.

Nije kwenye jambo linalonigusa zaidi.

Baada ya filamu moja, wanafunzi wangu walipata moto. Wakachanga fedha, wakanunua biskuti na maji, wakasema Jumamosi tunakwenda stendi kuwaona watoto wa mitaani. Na simu wameshachaji, watapiga picha, watarusha kwenye makundi. Nikawauliza: je, yule kijana wa stendi ameomba kupigwa picha? Akiwa mtu mzima, ana kazi na familia, atataka watoto wake waione picha hiyo? Wewe ukiwa mgonjwa kitandani, nguo zimekuvuka, utataka mgeni aje na biskuti mkononi na kamera mkono wa pili?

Wakanyamaza. Mmoja akasema, "Lakini mwalimu, tunawahurumia." Nikamwambia najua, na huruma yako ni njema. Lakini iko huruma inayomwinamia mtu kutoka juu, na iko ile inayokaa naye sawa. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka ahadi ya kwanza ya mwana-TANU: binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja. Ndugu yako humpigi picha akiwa amelala uchochoroni. Ndugu yako unamsalimia. Unamwuliza jina. Unamsikiliza hata anapokuwa na hasira nawe.

Simu zikabaki shuleni. Biskuti tulizipeleka kwenye kituo kinachowahudumia watoto hao, tukamkabidhi msimamizi, yeye ndiye anayejua nani anahitaji nini. Tukamwomba afisa ustawi wa jamii aje kutueleza kazi yake, akaja, na wanafunzi wakamhoji kwa muda wa karibu saa mbili. Na kijana wa chupa za plastiki? Wanamsalimia asubuhi kwa jina lake. Wanamwekea chupa kwenye kiroba kimoja ili asichakure jalalani. Ni jambo dogo, nami silikuzi. Lakini sijasikia tena mwanafunzi akimtupia jiwe, na zamani nilisikia.

Jambo jingine, walimu, na hapa naomba mnisikilize kuliko sehemu zote. Tunazungumza kana kwamba wasio na makazi wako nje ya ukuta wa shule. Je, mna hakika?

Kuna mwaka, filamu ilipokwisha na wenzake wakatoka, mwanafunzi mmoja alibaki bwaloni akipanga viti. Akavipanga, akavipangua, akavipanga tena. Nilipomsogelea alisema taratibu kwamba yeye na mama yake wanalala kwenye fremu ya duka la mtu, wanaingia likifungwa, wanatoka kabla halijafunguliwa. Sare yake ilikuwa safi kila siku. Alikuwa hachelewi. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyekuwa anajua. Sitasema alikuwa wa kiume au wa kike, wala shule gani, maana siri ile ni yake. Nitasema tu kwamba alisaidiwa, na kwamba filamu ndiyo iliyompa njia ya kuanza kusema: alianza kwa kumzungumzia mhusika, akaishia kujizungumzia mwenyewe.

Kwa hiyo tangu siku ile nina miiko, nami nawaomba muichukue. Usiwaulize wanafunzi mbele ya wenzao nani amewahi kulala nje. Usimgeukie yule mwenye viatu vilivyochanika unapotaja umaskini. Mwambie mwalimu wa ushauri nasaha awepo siku ya filamu. Anayetaka kutoka, atoke bila kuulizwa. Na mwisho, gawa vikaratasi, kila mtu aandike neno moja au mistari kumi, bila jina, na anayetaka kuonana nawe aweke alama atakayoijua yeye na wewe. Visome vyote. Vyote! Usiku huo huo.

Baadhi yenu mnasema moyoni: mwalimu, ukishamliza mtoto, kisha nini?

Cathy Come Home ilionyeshwa na BBC tarehe 16 Novemba 1966. Waliitazama watu wapatao milioni 12 kwa usiku mmoja. Nchi ikashtuka. Lakini jueni pia kwamba shirika la Shelter, la kuwatetea wasio na makazi, lililozinduliwa tarehe 1 Desemba mwaka ule ule, halikuzaliwa na machozi ya usiku mmoja. Walikuwepo watu waliokuwa wakiliandaa tangu kabla, na filamu ilipogusa mioyo, mahali pa kuipeleka mioyo hiyo palikuwa tayari. Na sheria ya kuzilazimisha halmashauri za kule kuwapatia makazi watu waliokosa ilipatikana 1977. Miaka 11, ndugu zangu! Miaka 11 ya watu kuandika barua, kuhesabu, kubisha hodi.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mzazi kuwa na wajibu wa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Na inamtaja kila mwanajamii, mimi na wewe, kuwa na wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa anapojua haki ya mtoto inavunjwa. Ni wanafunzi wangapi wanaojua hilo? Ni walimu wangapi? Namba ya simu kwa mtoto ni 116, haina malipo. Mimi huiandika ubaoni kabla filamu haijaanza, na haifutwi mpaka kesho yake. Siku ya filamu, mtendaji wa kata na afisa ustawi wanakaa viti vya mbele pamoja na wanafunzi. Wanatazama wanachotazama watoto, na baadaye wanaulizwa na watoto. Viongozi wawili watatu wamewahi kuniambia maswali yale yalikuwa magumu kuliko ya kikao cha baraza.

Sasa maombi yangu, maana sikuja kupigiwa makofi.

Wazazi, shule nyingi hazina projekta. Makanisa na misikiti yetu mingi inazo, na kumbi za harusi zinazo. Zikodisheni kwetu kwa bei ya chini au tuazimeni siku za wiki, zirudi salama kabla ya Jumamosi. Umeme ukikatika, mwenye jenereta ndogo atufikirie.

Walimu wa Kiswahili, Historia na Maadili, kaeni pamoja mpange vipindi viwili vya mfululizo muhula huu. Viwili tu. Wakuu wa shule, waruhusuni.

Na ninyi wanafunzi kule nyuma, mliosimama saa nzima bila kulalamika: mnazo simu nyumbani, na wengi wenu mnajua kuhariri video kuliko sisi. Tengenezeni filamu zenu, za dakika tano, mkiigiza wenyewe, kuhusu jinsi mlango wa kurudi unavyofungwa hapa Pasua, Njoro, Majengo, Kiborloni. Msiwapige picha walioko barabarani. Igizeni. Mwaka ujao, tukijaliwa uhai, tutazionyesha hapa hapa, na wazazi wenu ndio watakaosimama nyuma.

Orodha ya maswali ninayotumia kusimamisha filamu nimeichapa, ipo mezani pale mlangoni, chukueni. Asanteni sana kwa kunisikiliza.